Michoro mipya ya hina mnatoa wapi? Mie natoa jikoni na pwani

Shoga wa Chake Chake, Pemba, uliyeuliza wenzio tunatoa wapi michoro maana umechoka kunakili ya Kihindi toka simuni, mie nakujibu kwa nilivyozoea mwenyewe. Nachora maharusi huku Unguja miaka sasa na nikikaa kubuni simu naiweka mbali kabisa, natizama vitu vya ndani.

Anza na kanga, tena usitizame maua yake, tizama ilivyopangwa. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati. Basi na mkono naufanya hivyo hivyo, kifundo nakipa pindo, mgongo wa kiganja naupa mji, na baina yake naacha ngozi tupu. Hapo ndo wengi mnapoharibu, mnajaza tu mpaka ua halionekani.

Lakini ninachokipenda mie ni dema. Ee, dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa kwa fito, msinicheke. Nilishuka pwani kununua samaki wa changu nikamkuta mzee anasuka, nikakaa kumtizama mpaka samaki wazuri wakanunuliwa na wengine. Fito zake zinakwenda njia tatu, moja inashuka, mbili zinakatiza mshazari huku na huku, na zikishapishana jicho la pembe sita linatokea lenyewe. Sasa kwenye hina usichore macho moja moja, yatakwenda upande, piga mistari ya kushuka kwanza toka kiwiko, kisha mshazari wa kulia, kisha wa kushoto, ila angalia mistari mitatu isikutane nukta moja, ikikutana unapata pembetatu tupu, dema hakuna. Koni ya hina iwe na mdomo mwembamba.

Kawa, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa, nalo zuri kwa kiganja, unaanza na kile kincha katikati unazungusha kwenda nje. Nondo za madirisha ya mtaani pia, kila nyumba ina zake. Mbuzi ya nazi nilijaribu, yale meno yalitoka vizuri kweli, biarusi akagoma akasema anataka mawaridi, haya, mkono wake na pesa yake.

Na huyo aliyeandika humu kwamba vyombo vya ndani si sanaa, yakhe, mtafute mchoraji Lubaina Himid. Kazaliwa hapa Unguja 1954 akakulia Uingereza, anachora juu ya sahani kuukuu na madroo, kanga nazo kazitia kwenye picha zake, na 2017 kapewa Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza.

Ulouliza kuhusu piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea: dema kwa piko linatoka kali zaidi lakini lile la kuchanganya na rangi ya nywele mie simtii mtu, linababua ngozi. Hina ya majani yatosha.

Kabla hujamshika biarusi wa watu jaribu kwenye chupa ya maji ya plastiki, ina mviringo kama mkono, ukikosea unafuta. Ukimaliza tia picha hapa tuone.