Kwa mnaoanza kuzalisha Rex, dinosau wa gemu ya ARK: chungeni dume

Jana kijana wa kabila letu (kundi letu la wachezaji) alinifuata analalamika kuwa zizi lake haliongezeki. Nikaenda kuangalia. Madume sita, majike sita, kawapanga wawiliwawili kama harusi ya pamoja. Nilicheka mpaka nikavua hedifoni. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nilishafanya upuuzi mkubwa kuliko huo, ndipo nikakaa kuandika. Nazungumzia ARK ya kwanza, Survival Evolved, kwa mipangilio ya kawaida. Kama seva yenu imeongezewa kasi, mna hesabu zenu.

1. Dume hachoki. Jike akishapandwa hupumzika saa 18 hadi 48, tena saa za ukutani, si za ndani ya gemu. Dume akitoka kwa huyu anahamia kwa yule. Mmoja anatosha zizi zima. Hao watano wengine wanakumalizia nyama tu.

2. Leveli ulizompa baada ya kumfuga hazirithiwi. Mtoto anarithi pointi ambazo mzazi alikuwa nazo siku anafugwa. Usiniletee dume uliyemnenepesha kwa kuua ndege dodo ufukweni ukaniambia ana damu nzuri.

3. Kati ya wazazi wawili, pointi ya juu ina nafasi ya 55% kurithiwa. Ukipata mayai matatu ya hovyo mfululizo, seva haina kisa na wewe.

4. Mutesheni, yaani badiliko la bahati anapozaliwa mtoto, mbebeshe dume, majike waache sifuri. Kila yai lina nafasi kama 7% hivi ya kupata mutesheni, nayo inaleta leveli mbili kwenye kitu kimoja pamoja na rangi mpya. Kitu gani, huchagui. Mimi iliwahi kuangukia kwenye oksijeni. Sijui Rex yule alitaka kwenda kuvua. Mzazi akifikisha mutesheni 20 hazai mpya tena kwa upande wake, ila kwa majike safi bado unaendelea. Kwa hiyo dume mwenye mutesheni kumi na kitu za nguvu ni miezi ya kukesha ukiangalia joto la mayai.

5. Kuhasi. Hapa ndipo penye kidonda changu.

Nilikuwa na dume nikimwita Babu, mkia wa buluu, kichwa cha zambarau, sura ya kutisha watoto. Kabila jirani walitaka madume wanne kwa vyuma. Ukiuza dume mzima umeuza ukoo wako wote, kwa hiyo tunawahasi kwanza. Saa nane usiku, usingizi umenijaa, Rex wamesimama mstari mmoja, na kwa ujinga wangu Babu alikuwa humohumo. Fungua menyu, hasi, sogea. Fungua menyu, hasi, sogea. Nne zikatimia. Nikakabidhi mali, nikalala kama tajiri.

Kesho yake namweka Babu kwa majike: kimya. Nikawasogeza karibu. Kimya. Nikabadilisha jike. Nikatoka kwenye seva nikarudi. Nikailaumu intaneti, nikamlaumu na aliyetuuzia bando. Ilinichukua karibu saa nzima kukubali kwamba nimemfanya Babu maksai. Na hakuna dawa, ukishahasi umehasi.

Halafu ikaja hesabu ya pili, ile iliyonikalisha chini. Nilihasi wanne, mmoja wao Babu. Basi kati ya wale wanne niliouza, mmoja ameondoka mzima! Mwanawe Babu, mutesheni mbili pungufu ya babake.

Nikaenda kwa majirani na uso wa mtu aliyesahau mwavuli. Nikawaambia namtaka yule mmoja tu, nimemzoea. Wakanyamaza kidogo. Kumbe walishamjaribu kwa majike wao. Bei waliyonitajia ilikuwa mara tatu ya vyuma vya wote wanne, na nikalipa.

6. Dume wa mbegu mpe jina, mtenge uani peke yake, na hifadhi mwanawe mmoja kwenye kriopodi, kile kifaa cha kumgandishia mnyama.

Babu bado yupo. Tukienda kupigana na bosi wa gemu nampanda yeye, maana kung'ata hakusahau.