Wazo ni lako, ila nani mwingine aliliona?

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama jumbe za WhatsApp zinatosha kuonyesha kwamba kile kikaushio cha samaki ulikibuni wewe, maana mwenzako ameshakiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu (patent), huko KIPI, taasisi ya Kenya inayozitoa. Yalinifika hayo hapa Lamu.

Sheria yetu ya Kenya ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inasema wawili wakibuni kitu kimoja kila mtu kivyake, haki ni ya aliyetangulia kuwasilisha ombi. Kwa hiyo "nilianza mimi" peke yake haikufikishi popote. Onyesha kwamba yeye hakubuni, alichukua kwako: wazo lilikuwa limekwisha kukamilika kichwani mwako, kisha likamfikia.

Mimi nilibuni kishikio cha injini ya mashua kinachoinuka kwa kukanyagwa, maana pale kwenye mlango wa bahari wa Mkanda maji yakipwa rafadha, lile panga la injini, husaga mchanga. Mwenzangu wa karakana akakiombea kwa jina lake. Nilikuwa na daftari la michoro na tarehe, nikajua nimeshinda. Wakili akalifunga, akaniambia: mwandiko wako ni neno lako tu, tarehe hiyo hata jana ungeweza kuiandika. Niliumia mno. Aliyeniokoa ni fundi wa kuchomelea wa Mokowe. Alikuwa amehifadhi karatasi niliyomchorea pamoja na risiti, ya miezi mitatu kabla mwenzangu hajaingia karakanani, na aliweza kueleza mwenyewe springi inavyovuta na komeo linavyokamata. Jina langu likaingizwa.

Wala usingoje kuunda kifaa kizima. Gordon Gould, mwanafizikia wa Marekani, Novemba 1957, alipeleka daftari lake la leza likathibitishwe na mwenye duka la peremende aliyekuwa na muhuri wa kuthibitisha hati. Hapo alifanya vyema sana. Lakini akadhani lazima aunde kwanza ndipo aombe, akachelewa hadi 1959, wanafizikia wenzake Townes na Schawlow wameshaomba 1958. Akapigania haki yake miaka na miaka, hataza ikatoka 1977. Na wakati huo Marekani bado ilimtazama aliyebuni kwanza. Tangu 2013 nao wanatazama aliyetangulia kuomba.

Basi zisome jumbe zako. Kama zinasema tu "tutengeneze kikaushio kizuri", hazina uzito. Kama zinaeleza hewa inaingilia wapi na unyevu unatokea wapi, usizifute, simu hiyo usiiuze, na leo hii mtafute seremala aliyekukatia mbao.