Raundi ya pili ndiyo inayokuumbua

Aliyekulia kwenye karate kisha akahamia ndondi, raundi ya kwanza huwezi kumjua. Bado ana pumzi na bado anafikiri: kidevu chini, ngumi inatoka na kurudi shavuni. Ngoja raundi ya pili, asukumwe kwenye kamba, ale moja ya pua. Hapo akirusha mkono wa kulia, wa kushoto unateremka wenyewe hadi nyongani. Ni hikite ile ile, yaani kuvuta mkono nyongani, ya kwenye kata (mfululizo wa mapigo ya karate unaokaririwa), na shavu liko wazi kabisa. Nasema haya kwa sababu mkono huo ni wangu.

Si karate peke yake. Mtu wa judo akiangushwa hugeuka akalala kifudifudi, na kwao ana haki: mgongo ukibanwa chini sekunde 20 ni ippon, yaani ameshindwa papo hapo, na akijikunyata vizuri mwamuzi husimamisha. Aifanye hiyo kwenye jiu-jitsu ya Brazil, anampa mwenzake mgongo, yaani pointi 4, pamoja na nafasi ya kumkaba shingo. Wa taekwondo hushusha mikono kwa kuwa kwenye mashindano yao ya mtindo wa Olimpiki ngumi ya uso hairuhusiwi. Kwa hiyo usijione mjinga. Mwili wako unafuata sheria za mchezo mwingine, tena unazifuata vizuri.

Shida ni kwamba kujifunza jipya hakufuti la zamani. Yote mawili yamo, na ukibanwa linatangulia lililorudiwa zaidi. Ndiyo maana kuambiwa "usishushe mkono!" katikati ya kipigo hakunisaidii kitu. Nafanya nini badala yake? Nipe jambo moja la kutenda: gusa shavu. Mwanasaikolojia Hick alionyesha mwaka 1952 kwamba machaguo yakiongezeka, mtu huchelewa kuitikia. Basi kocha anayekupigia kelele za mambo sita kwa mpigo, muombe kwa adabu achague moja.

Kilichonifaa kuliko vyote ni sparingi (pambano la mazoezi) ya kazi moja. Mwenzangu ana ruhusa ya kurusha ngumi moja tu, ya kulia, polepole, na ni pale tu mkono wangu wa kushoto unapoondoka mahali pake. Hapigi, ananiwekea glovu shavuni kisha anaitoa. Mguso huo unafundisha kuliko maneno, maana unakuja papo hapo kosa linapotokea, na hauumi kiasi cha kukutia woga. Nikitulia, anaongeza kasi. Baadaye ananisogeza nyuma, kwa sababu mimi kinachoniamsha ugonjwa ni kurudi kinyumenyume, si uchovu. Wewe chako kitafute. Simu iliyoegeshwa pembeni ikirekodi itakuonyesha mapema kuliko rafiki anayekuonea haya. Kama ni uchovu, zoezi hili liweke mwisho wa mazoezi, ukiwa umeshachoka. Kulifanya ukiwa freshi ni kujidanganya.

Kuna tabia nyingine ya karate haionekani hadi ukutane nayo: kugonga, kisha kujiondoa na kulegea ukisubiri mwamuzi aseme "yame", yaani simama. Kwenye ndondi hakuna anayesema. Hiyo niliivunja kwa kujilazimisha kurusha ngumi mbili zaidi kila nilipofikisha moja, hata zikipiga hewa.

Lakini usitupe kila kitu. Kupima umbali, kuingia na kutoka kwa ghafla, ni mali ya karate ambayo mabondia wengi wanaitafuta. Lyoto Machida alitwaa ubingwa wa UFC (mashindano ya mapigano mchanganyiko) wa uzito wa juu mwepesi mwaka 2009 kwa umbali huo huo. Nilichobadilisha mimi ni mkono, miguu nimeiacha.

Na ukipangiwa mtu mgeni, hasa mwenye nguvu, tegemea mkono kurudi nyonga tena. Mwambie kabla ya kengele muanze taratibu, raundi moja, halafu ndipo muongeze.