"Kwa mujibu wa Fulani anasema": kosa liko wapi?

SWALI: Niko Iringa, ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu majina ya mahali ya Wahehe. Msimamizi wangu amezungushia wino mwekundu kila nilipoandika "Kwa mujibu wa Fulani (2010) anasema kuwa…" na kila nilipoandika "TUKI (1981) anaeleza". Pembeni ameniuliza kwa nini wazee niliowahoji Kalenga "wanadai" ilhali waandishi wa vitabu "wanabainisha". Hakufafanua zaidi. Nirekebisheje?

JIBU: Kamwene. Msimamizi wako ana haki katika yote matatu, ingawa kwenye hilo la TUKI pana jambo la kuongeza.

"Kwa mujibu wa Fulani" tayari imeshamjulisha msomaji hoja ni ya nani. Kinachotakiwa kufuata ni hoja yenyewe: "Kwa mujibu wa Fulani (2010), majina mengi ya vijiji yametokana na mito." Ukichomeka "anasema", kitenzi hicho kinabaki bila kiima, maana Fulani ameshafungwa na ile "wa" na hawezi tena kuwa mtenda wa kitenzi kinachofuata. Kama unakitaka kitenzi, mtoe Fulani mbele: "Fulani (2010) anasema kuwa majina mengi ya vijiji yametokana na mito." Chagua njia moja kati ya hizo. Kosa hilo lina ndugu zake, nawe pengine unao mumo humo kwenye tasnifu: "Katika makala ya Fulani anaonesha…", "Kutokana na utafiti wa Fulani unathibitisha…". Tunapozungumza makosa haya hayasikiki, kwa sababu baada ya "kwa mujibu wa Fulani" tunatua, kisha tunaanza upya na kiambishi a- kikamrejelea Fulani. Kwenye karatasi hakuna sauti ya kutua. Na kwa kuwa tumefika hapa: usiandike "kwa mujibu wangu". Mawazo yako ni "kwa maoni yangu", au yaandike tu bila utangulizi wowote.

Sasa TUKI. "TUKI anaeleza" ni kosa lisilo na mjadala. TUKI si mtu. Ilikuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na taasisi "inaeleza". Wapo wanaoandika "TUKI wanaeleza" wakiwafikiria watu walioiandaa kamusi. Mdomoni haina ubaya, kwenye tasnifu mimi ningeikata. Ugumu unaanzia kwa BAKITA. Neno kuu ni Baraza, kwa hiyo kuna wanaoshikilia "BAKITA linaeleza" na kuwasahihisha wengine wote. Mimi siwafuati. Vifupisho vyetu karibu vyote vimehamia kwenye i-: tunasema "CCM imeshinda" ijapokuwa chama "kimeshinda", na umeme ukikatika Mbeya nzima inalalamika kwamba "TANESCO imekata", haijali kwamba TANESCO ni shirika. Kwa hiyo ukiandika kifupisho peke yake, "BAKITA (2015) inaeleza" inatosha. Ukiandika jina kwa ukamilifu, ufuate neno kuu: Baraza la Kiswahili la Taifa linaeleza, Wizara inaeleza, Chuo kinaeleza. Usichanganye linaeleza na inaeleza kwa kifupisho kilekile katika ukurasa mmoja, basi.

Kuna wanafunzi wanaobadilisha TUKI kuwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) kwa kuwa taasisi yenyewe ilibadilika. Hapana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 imebeba jina la TUKI, nalo ndilo utakaloandika. Angalia pia kama uliyoshika mkononi ni ya 1981 au ya 2004, kwa sababu fasili za matoleo hayo haziwi sawa kila mahali.

Swali la "wanadai" ndilo zito kuliko yote. Wanafunzi wengi hubadilishabadilisha vitenzi ili insha isichoshe: huyu anasema, yule anabainisha, wa tatu anadai. Lakini kila kitenzi kina hukumu ndani yake. "Anabainisha" humkubalia msemaji kwamba ameweka wazi jambo lililo kweli. "Anadai" humtilia shaka. "Anakiri" humfanya kama aliyebanwa. Mchukue Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani: ukiandika "Fulani anadai kuwa Mkwawa alifariki mwaka 1898", umelifanya jambo linalojulikana lionekane lina utata. Ukiandika "anadai" kuhusu mtu anayesema fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 si la Mkwawa, hapo kitenzi kimekaa mahali pake, kwa kuwa ubishi upo kweli. Wewe umewapa wazee wote "wanadai" na waandishi wote "wanabainisha". Bila kukusudia umetangaza kuwa ya mdomoni ni ya kushukiwa na ya kitabuni ni kweli tupu. Kwa utafiti wa majina ya mahali, ambamo wazee ndio chanzo chako kikuu, hilo linabomoa kazi yako mwenyewe. Ukiwa huna hukumu, tumia "anasema" au "anaeleza". Kurudia si dhambi.

Njeo, yaani nyakati za vitenzi, nazo ziangalie. Kitabu hutumia -na- hata kama mwandishi ameshafariki, kwa sababu kila anayekifungua anakuta maneno yaleyale: "Fulani (1975) anaeleza". Mahojiano yalifanyika siku moja yakaisha, kwa hiyo "mzee alisema" au "alinieleza", pamoja na mahali na tarehe. Neno "mzee" usilifute kwenye maelezo. Kinachoachwa katika urejeleaji ni vyeo kama Profesa na Dokta. Jina lake liandike ikiwa tu alikuruhusu. Kama hakukuruhusu, "mhojiwa wa tatu, Kalenga" inatosha.

Kwa kuwa unaandika kuhusu Wahehe, huenda ukakutana na ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Serikali ya Uingereza. Kama mkataba hukuusoma wewe, bali umeukuta kwa Fulani, sema hivyo: "Mkataba wa Versailles (1919), kama unavyonukuliwa na Fulani (2010, uk. 45)". Kwenye orodha ya marejeleo aingie Fulani peke yake. Ukurasa mmoja ni uk., zaidi ya mmoja ni kur. Waandishi wakiwa wengi ni "Fulani na wenzake (2012) wanaeleza", si "anaeleza", hata kama jina unaloliona ni moja.