Usizipange kwa tarehe

Dada, umeuliza upange vipi zile picha 14 ulizochora baada ya kumzika mama, hapo ukumbini Nakuru. Usizipange kwa tarehe, huzuni haifuati kalenda. Anza na ile ya leso yake: peke yake ukutani, nafasi pana kila upande, mtu asimame avute pumzi. Zenye rangi kali zikae ukuta wa mbali. Kitovu cha kila picha kiwe usawa wa macho, kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Maelezo yawe mistari miwili tu. Ukieleza kila kitu unamnyima mtazamaji machozi yake.

Na hao shangazi wanaosema umechanganyikiwa, pole sana. Sane Wadu wa Naivasha, hapo hapo kaunti yenu, aliacha ualimu akashika brashi. Watu wakamwita kichaa, naye akajipa jina Sane, yaani mwenye akili timamu kwa Kiingereza. Mwaka 2022 Nairobi ikamwandalia maonyesho makubwa ya kazi zake za miaka mingi.

Ile ya mama akicheka jikoni usiiondoe, tafadhali. Itundike karibu na mlango wa kutokea.