Bori Lipi kwa Shisha Yako? Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Bwana Mshauri, assalaam alaykum. Naishi Seeb, nje kidogo ya Maskati, na kila Alhamisi baada ya isha jamaa hukusanyika barazani kwangu. Nina shisha ya shaba niliyoachiwa na marehemu mjomba, lakini kichwa chake cha udongo, kile cha kutilia tumbaku, kilianguka na kuvunjika mwezi uliopita. Dukani nilionyeshwa vichwa vya aina sita au saba, na muuzaji alikisifu kila kimoja. Nilichukua kimoja cha kauri nyembamba, kizuri kwa macho, chenye matundu matano chini. Tangu hapo muasel, yaani tumbaku yenyewe ya shisha, inaungua kabla ya nusu saa, na maji ya chupani yanageuka rangi ya chai. Je, nimechagua vibaya, au ninakosea namna ya kutia? — Msomaji, Seeb

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya lolote, niruhusu nikipe kitu hicho jina lake. Wazee wa pwani waliovuta kiko cha maji walikuwa na neno kwa kila kipande: kiko chenyewe ni kile kibuyu chenye maji, digali ni mrija unaoshuka kutoka juu hadi majini, shilamu ni ule unaokwenda mdomoni, malio ni sauti ya maji yanapotokota kwa pumzi ya mvutaji, na hicho unachokiita kichwa ni bori. Nami nitaliita bori, kwa kuwa neno lipo na halijafa.

Sasa tuje kwenye maji ya rangi ya chai, maana hayo ndiyo yanayotoa ushahidi. Muasel ni majani ya tumbaku yaliyolowekwa katika asali au molasi pamoja na gliserini, na rojo hiyo ndiyo inayotoa moshi na ladha. Ikipata joto hulainika na kuteremka. Katika bori lenye matundu chini hakuna cha kuizuia: hupenya matunduni, hufuata digali na kudondoka chupani, na majani yanayobaki juu hukauka. Jani kavu likiwa chini ya kaa la moto litaungua tu. Kwa hiyo malalamiko yako mawili ni lalamiko moja.

Utaniuliza, mbona bori la mjomba lilikuwa na matundu vilevile na halikuunguza? Lile lilikuwa la udongo mtupu, usiopakwa mng'aro, nao udongo wa namna hiyo hunywa sehemu ya rojo. Tena ukuta wake mnene hupokea joto taratibu na kulitoa taratibu. Hili lako jipya limepakwa mng'aro kama sahani, halinywi kitu, na kwa wembamba wake hupata moto mapema. Limeiga umbo la lile la zamani bila kuwa na tabia zake.

Ushauri wangu ni utafute bori la faneli, yaani lile ambalo matundu yake ya chini yameondolewa na badala yake likawekwa tundu moja katikati, limeinuliwa kama shingo ya kichuguu, huku muasel ikikaa pembeni katika mfereji unaoizunguka shingo hiyo. Hewa hupita juu ya shingo na kushuka, lakini rojo hubaki mferejini pamoja na majani yake. Kwa baraza la watu wanaokaa saa nzima au zaidi, tofauti utaiona usiku wa kwanza. Chagua lenye ukuta mnene na mfereji unaoweza kubeba gramu 15 hadi 20. La kauri halina ubaya ikiwa ni nzito mkononi. Liinue usawa wa macho na utazame kama ncha ya shingo iko chini kidogo ya ukingo wa bori, kwa sababu ikilingana na ukingo itagusa foili inayofunika bori chini ya mkaa na kuziba njia ya hewa. Nimeyaona ya namna hiyo yakiuzwa kwa bei ya juu kabisa, na muuzaji hana habari.

Kutia nako kuna jambo. Usiishindilie muasel kama anayejaza gunia. Ichambue kwa vidole mpaka majani yaachane, uiangushe mferejini kwa wepesi, na uache nafasi ya milimita 2 au 3 kati yake na ukingo. Foili ivutwe mpaka iwe kama ngozi ya ngoma; ukiigonga kwa kucha itoe mlio. Toboa kwa kijiti cha meno kuzunguka mfereji, wala usitoboe juu ya shingo, kwani hapo utakuwa unavuta hewa ya mkaa tupu. Vipande vitatu vya mkaa wa vifuu vya nazi, vilivyokolea moto pande zote, viwekwe ukingoni, si katikati. Moshi ukianza kukereketa koo, ondoa kimoja kabla hujalaumu bori.

Jambo la mwisho kwako: shisha za shaba za zamani hazina kipimo kimoja cha mdomo wa digali. Chukua digali uende nalo dukani, usione haya. Ukishalikalisha bori juu ya mpira wake wa kuzibia, liondoe moto na tumbaku, liwe tupu, uzibe juu kwa kiganja kisha uvute shilamu. Kiganja kikinaswa, mambo yamekaa sawa. Hewa ikipita, mpira ni mdogo au umechakaa, na hakuna bori duniani litakalokupa moshi wa maana mpaka uubadilishe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, ninapanga chumba Leicester, Uingereza, na huhama mara kwa mara. Nimeshauriwa bori la silikoni kwa kuwa halivunjiki. Je, ni salama? — Msomaji

JIBU: Silikoni inayofaa kwa vyombo vya chakula huvumilia joto la kawaida la shisha, na ni kweli kwamba ikianguka hudunda tu. Likinuse ukiwa bado dukani: likitoa harufu kali ya mpira, liache. Bora zaidi ni lile lenye bakuli la ndani la kioo au chuma, ili muasel isigusane na mpira. Kwa ladha silipendi, maana halitunzi joto na kila mara unajikuta unahangaika na mkaa, lakini kwa mtu wa mabegi ninaelewa.

Kilichonishtua katika barua yako ni neno chumba. Mkaa unaowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na madirisha ya Uingereza hufungwa miezi mingi ya mwaka. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, akadhani ni tumbaku imemlevya, kumbe ni hewa. Usiwashe mkaa wala usivutie chumbani unamolala, hata ukiwa na bori la dhahabu.

SWALI: Kaka yangu aliye Dubai anataka kuniletea bori zuri Mombasa kama zawadi. Nilitaka kujua ni lipi lenye madhara machache, kwa kuwa nimesikia kuwa yale ya faneli huchuja. — Bi. Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada yangu, bori halichuji kitu. Kazi yake ni kukutanisha tumbaku na joto. Hata maji ya chupani hayachuji kama watu wanavyodhani. Yanaupoza moshi, ukawa laini kooni, na ulaini huo humfanya mvutaji avute kwa kina na kwa muda mrefu. Nikotini na monoksidi ya kaboni hupita, na Shirika la Afya Duniani limelisema hilo kwa miaka mingi. Kwa hiyo bori lenye madhara machache halipo, na anayekuuzia kwa jina hilo anakudanganya.

Kuhusu zawadi, mwambie kaka akuletee kitu kingine. Kenya ilipiga marufuku shisha Desemba 2017, pamoja na kuiingiza nchini, kuiuza na kuitumia. Rwanda ilifanya hivyo mwezi huohuo; Uganda iliikataza kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, na Tanzania amri ilitolewa mwaka 2016. Huko Kenya mabishano yamefika mahakamani zaidi ya mara moja, lakini sikushauri uyatumie kama hoja mbele ya afisa wa forodha uwanja wa ndege.

SWALI: Bori langu la udongo limenasa ladha ya tufaha mbili. Nikitia mnanaa, bado naonja ile ile. Nimeliosha kwa sabuni mara tatu. — Msomaji, Doha

JIBU: Sabuni umeongeza mgeni wa pili. Udongo mtupu hunywa kila unachoupa, na tufaha mbili ina anisi, ambayo huganda kuliko ladha nyingine zote ninazozijua. Lichemshe katika maji matupu, ulianike juani siku mbili, kisha ulitenge liwe la tufaha mbili peke yake, na ladha nyingine uzinunulie bori la kauri lenye mng'aro. Usilimwagie maji baridi likiwa bado lina moto. Mimi nililifanyia hivyo bori langu la kioo jikoni, kwa haraka ya kulala, likapasuka vipande viwili mkononi kabla sijafunga mfereji wa maji.

SWALI: Je, bori la faneli linafaa kwa tombaki? — Msomaji, Salala

JIBU: Halifai. Tombaki ni jani tupu lisilo na rojo. Hulowekwa, hukamuliwa, kisha hufinyangwa juu ya bori na kaa huwekwa moja kwa moja juu yake bila foili. Tafuta lile la udongo, pana juu, lenye matundu chini. Msomaji wetu wa Seeb atakuwa nalo moja la kauri ambalo halitaki tena, lakini hilo nalo usilichukue. Ni jembamba mno.