Gari la zamani halivuti: pima kabla hujafungua

Maswali mengi safari hii yanahusu magari ya zamani yaliyoishiwa nguvu. Nimechagua matano.

Swali: Gari langu halivuti kama zamani. Ninunue kabureta mpya?

Swali hili huja kila mara vilevile: hakuna aina ya gari, wala halisemi kama nguvu ilipotea ghafla au kidogo kidogo, injini ikiwa ya moto au baridi. Usinunue kitu. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, husingiziwa makosa mengi ya plagi na distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Anza na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, fuata moto wa plagi, kisha taimingi, yaani wakati cheche inaporuka. Mafuta yawe ya mwisho. Huwezi kuseti kabureta juu ya valvu inayovuja, na ukiichokoa mapema utabaki na makosa mawili.

Nguvu ikipungua kwa miezi, mimi hutazama kwanza pointi za distributa, vile viungio vinavyofunguka na kufunga ili kutoa cheche. Kile kisigino kinachosuguana na kemu, mhimili wenye pembe unaozifungua, hulika, mwanya wa pointi unapungua, cheche inachelewa, injini inapata joto na mlimani inakuwa nzito. Dereva anazoea, haoni. Kwenye Volkswagen Beetle nyingi za zamani mwanya ni 0.4 mm. Pima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, paka grisi kidogo sana kwenye kemu, halafu seti taimingi upya, maana ukigusa mwanya umegusa na taimingi. Ukiwa hapo hapo, chomoa ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distributa, uvute hewa kwa mdomo. Bamba lililobeba pointi linatakiwa lisogee, na ukiziba mpira kwa ulimi libaki liliposimama. Ukivuta hewa bila kikomo, kiwambo cha ndani kimepasuka, na hakuna kabureta itakayokuponya hapo.

Swali: Linazima baada ya mwendo wa nusu saa. Nikifungua kifuniko cha tangi nasikia hewa ikivutwa, kisha linawaka na kwenda vizuri.

Umeshajijibu. Tundu la hewa la tangi limeziba. Lizibue.

Swali: Likiwa limesimama injini inapanda vizuri, barabarani halina nguvu. Fundi anataka kufanya ovahoo, kuifungua injini yote na kuitengeneza upya.

Mzuie fundi huyo! Kama mlio wa injini unapanda lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Baada ya safari gusa rimu kwa tahadhari. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, breki imeshika. Halafu fungua eklina, lile chujio la hewa, mtu mwingine akanyage mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, nawe uangalie kama kipepeo cha kabureta, kile kibamba kinachopitisha hewa, kinafunguka chote. Niliwahi kuhangaika siku nzima na plagi na koili, kumbe zulia lilikuwa limejikunja chini ya pedali na kipepeo kilikuwa kinaishia nusu.

Swali: Niweke dawa ya kusafisha injini kwenye tangi?

Hapana. Tangi la zamani lina kutu, na uchafu ukibanduka unaishia kwenye jeti, vitundu vidogo vya mafuta ndani ya kabureta.

Swali: Kompresheni ya silinda mbili ni ndogo sana kuliko nyingine. Ni ringi za pistoni?

Ahsante kwa kupima. Silinda hizo zikiwa jirani, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya kichwa cha injini, kwamba imeungua katikati yake. Zikiwa mbalimbali, tia kijiko cha oili kwenye kila moja na upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

Na valvu ndizo zinazonipa hofu. Petroli yenye madini ya risasi iliacha kuuzwa kwa magari ya kawaida duniani kote 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Hedi nyingi za zamani zina viti vya valvu laini vilivyotegemea ile risasi. Ukikimbiza gari sana, valvu ya ekzosi inazama kwenye kiti chake, mwanya wa tapeti, kati ya valvu na kinachoisukuma, unakwisha, valvu haifungi tena na inaungua. Kwa hiyo tapeti zikinyamaza ghafla usishangilie. Fungua kifuniko cha valvu upime mwanya siku hiyo hiyo.